Ujumbe Uliokwama Lukozi

Kompyuta niliisomea jioni, katika darasa la kukodi hapa Lushoto, na muhula wangu wa mwisho uliangukia kipupwe. Asiyeijua baridi yetu ya mwezi wa saba asinibishie nikisema kwamba maneno ya mwalimu yaliganda hewani kabla hayajatufikia, tukayaokota asubuhi yakishayeyuka. Masweta nilivaa yote niliyokuwa nayo na mawili ya kuazima. Ukungu uliingia darasani bila kulipa ada, ukakaa dawati la mbele. Hata hivyo nilihitimu, na cheti changu nikakitia fremu iliyokizidi hadhi, nikakitundika juu ya mashine ya kutoa kopi katika steshenari nilikoajiriwa, jirani na soko.

Hapo elimu yangu ikaketi. Watu walileta vyeti vya kuzaliwa, barua za kuombea shule na kadi za michango ya harusi, nami nikawatolea kopi. Mji mzima uliniita fundi kopi. Naamini nimetoa karatasi za kutosha kuufunika msitu wa Magamba wote, ukabaki na ukingo wa kukunjia.

Lakini nilikuwa na kitu changu. Kwa mtihani wa mwisho nilitengeneza ukurasa wa mtandaoni wenye ramani ya barabara ya Lukozi, na juu yake Fuso za kabichi zilizotembea kama vidoti. Ukibonyeza mvua, tope linaongezeka. Fuso moja ikikwama, za nyuma zinapanga foleni, na sokoni kabichi inaadimika. Uzuri wake ni kwamba hukuhitaji kuweka kitu chochote kwenye simu yako. Wewe uko Tanga, mimi niko Lushoto, tunafungua anwani ileile na tunaiona Fuso ileile imekwama. Ukiinasua wewe, kwangu nako inatembea. Dukani kukiwa hakuna mteja niliucheza, na nilikuwa nikiwaambia watu kwamba ukisogeza pua karibu na kioo cha kompyuta unasikia harufu ya kabichi.

Mama mmoja aliyevaa sweta la kusuka na kanga alinikuta katika mchezo huo. Alikuja kutoa kopi za karatasi za hospitali za mama yake. Kopi zikatoka, hakuondoka. Akaniuliza ile Fuso inajuaje kwamba ya mbele yake imekwama. Nikamweleza. Akauliza kama Fuso ingekuwa ujumbe, na barabara ingekuwa redio, ukurasa ungekubali. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza, maana siku ile hata angeniuliza kama unaweza kupika ugali ningesema ndiyo.

Kumbe alikuwa meja wa jeshi, mzaliwa wa upande wa Bungu, yuko likizo. Alifundisha mawasiliano katika chuo kimoja cha kijeshi huko mbali. Nikasimama wima kama mlingoti na kuanza kumwita afande. Akaniambia nikae, mashine yangu inatoa moshi.

Alinieleza shida yake kwa lugha ambayo hata fundi kopi aliielewa. Jeshi la leo, mlinzi aliye juu ya kilima, mkuu aliye hemani, gari la wagonjwa na ghala la chakula wote wamefungwa kwenye mtandao mmoja wa habari. Kituo kimoja kikizimika, ujumbe unapita wapi? Nani anabaki gizani? Huwezi kungoja vita ndipo ujifunze. Kwa hiyo wanafanya mwigo: wanauiga mtandao wote ndani ya kompyuta, wanaukata hapa na pale, wanatazama. Ila miigo aliyoizoea ilitaka mashine kubwa na watu wote wakae chumba kimoja. Yeye alitaka ya kwenye ukurasa wa mtandaoni, mwanafunzi mmoja ashike kituo akiwa Mwanza, mwingine akiwa Songea, na mwalimu akikata njia wote waone papo hapo.

Akanipa sharti. Nitengeneze mwigo mdogo wa vituo vya milimani kwetu, kisha tuujaribu na watu wa kweli wenye redio za kweli. Kioo kikisema sawa na milima, angeomba chuoni nichukuliwe kwa mkataba niutunze na kuukuza. Kikisema uongo, angeshuka na karatasi za mama yake, nami nibaki na mashine yangu ya moshi. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, pikipiki ikiwemo.

Nikafanya kazi kama siafu. Niliingiza urefu wa vilima, ukungu, betri inayochoka na mti unaozuia mawimbi. Nilipomaliza niliamini kwamba hakuna unyasi wa Usambara nisioujua.

Redio za mkononi tuliziazima kwa waongoza watalii wa msituni. Mwenyekiti wa kijiji tulimwarifu, asije akadhani tunapindua serikali ya kijiji. Watu wa vituo nikawachagua miongoni mwa waliopitia mgambo. Lukozi nilimweka shangazi yangu, aliyeupitia ujanani na mpaka leo anatembea sokoni kama anakagua gwaride. Magamba nikamweka dereva mmoja wa bodaboda, kijana mtiifu aliyemaliza mgambo juzijuzi. Kilima cha upande wa pili wa bonde, kama njia ya akiba, nikamweka mama anayeuza karoti jirani na meza ya shangazi. Kituo kikuu kikawa steshenari yetu. Kila mmoja nilimpa maagizo niliyoyaandika mwenyewe kwa kujiamini kwa msomi: anayepokea aseme tu “nakusikia” na anyamaze mpaka anayetuma amalize, na pasiwe na maneno ya ziada.

Ujumbe ulikuwa mfupi, kwamba daraja limevunjika, magari yapite njia ya juu. Shangazi ampe bodaboda, bodaboda atupe sisi. Wao wawili walikuwa na chaneli yao, na kituo kikuu kilikuwa na nyingine ya kuitia kila kituo. Asubuhi hiyo anga lilikuwa jeupe hata ungeweza kuhesabu kuku wa Lukozi ukiwa Lushoto. Meja akatoa ishara. Kwenye kioo kidoti cha kijani kikatoka Lukozi, kikaruka Magamba, kikatua Lushoto kabla sijamaliza kumimina chai. Nikamtazama meja. Meja akaitazama redio.

Redio ilikuwa kimya.

Tukanywa chai. Kimya. Chai ya pili ikapoa. Meja akaita Magamba, bodaboda akajibu kwamba yuko tayari, anangoja Lukozi. Akaita Lukozi. Shangazi akajibu neno moja, “Nipo.” Basi mtandao ulikuwa mzima, watu walikuwa wazima, na ujumbe haukutembea. Kwenye kioo daraja lilikuwa limekwisharipotiwa zamani, magari yamegeuza. Duniani yangekuwa yanatumbukia mtoni moja baada ya jingine. Nikapekua kazi yangu mstari kwa mstari, jasho linanitoka katika baridi ile. Sikuona kosa. Mwisho nikampigia shangazi simu ya kawaida.

“Shangazi, shikamoo. Redio inafanya kazi?”

“Marahaba. Inafanya.”

“Na ujumbe?”

“Ninao.”

“Mbona hutumi?”

“Nimtumie nani?” Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. “Nimemwita yule mtoto wa Magamba, ananiambia ‘nakusikia’, kana kwamba tumeamka nyumba moja. Nikamwachia nafasi aseme la maana. Hajasema mpaka sasa.”

Nikakaa chini. Picha yote ikanijia. Bodaboda alikuwa anafuata agizo langu kama askari mwema: kapokea mwito, kasema nakusikia, kanyamaza. Shangazi naye alikuwa anangoja shikamoo, maana kwetu mkubwa hammwagii habari mdogo ambaye hata hajamwamkia. Kufanya hivyo ni kujishusha yeye na kumharibu mtoto wa watu. Huyu anangoja ujumbe, yule anangoja salamu. Wangekaa hivyo mpaka kabichi za Lukozi zote zichanue maua.

Nilimweleza meja kwa sauti ndogo. Hakucheka. Akachukua redio, akanyoosha mgongo, na kanga ile ikageuka gwanda mbele ya macho yangu. “Lukozi, hapa kituo kikuu. Tuma ujumbe.”

Kimya kikaendelea. Meja akanitazama, akaitazama redio, na niliona kitu kikilegea usoni pake, kama mtu anayevua buti mlangoni kwao. Akabonyeza tena.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” redio ikajibu papo hapo. “Hujambo? Nyumbani hawajambo?”

Meja akasema hawajambo. Shangazi akauliza wa wapi, akaambiwa Bungu, akahamia Kishambaa, wakaulizana mvua, wakaulizana wagonjwa, ikabainika kwamba mama yake meja amelazwa, shangazi akampa pole ndefu yenye dua ndani yake. Ndipo, kwa sauti ya gwaride, akasema daraja limevunjika, magari yapite njia ya juu.

Meja akaweka redio mezani. “Mwigo wako umesema uongo, fundi.”

Sikuwa na pa kujificha. Akasema Ijumaa anashuka, na hawezi kwenda kuwaonyesha wakubwa wake kitu kinachoona ukungu kisione watu. Nikamwomba aniachie mpaka Ijumaa nizitie salamu ndani ya mwigo. Akatikisa kichwa. Jeshini, akasema, hakuna mambo hayo. Kule ni cheo, agizo linashuka na linafuatwa, na salamu ni ya mkono kwenye kofia. Akaanza kukusanya vitu vyake.

“Afande,” nikamwambia, na mpaka leo sijui ujasiri ule niliuazima wapi, “wewe ni meja. Sasa hivi hapa, umempigia nani shikamoo?”

Akasimama na begi mkononi. Nje muuza matunda ya plamsi alipita akinadi, akarudi, akapita tena. Halafu meja akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, kwamba siku daraja likivunjika kweli atakayeliona kwanza hatakuwa askari, atakuwa mtu kama huyu mama. Mgambo, mchunga mbuzi, mwenye shamba. Mtandao unaanzia hapo.

“Mpaka Ijumaa,” akasema. “Asubuhi.”

Nilirudi kwenye kazi. Kila kituo nikakipa umri wa aliyekishika, nikaweka kanuni kwamba ujumbe hautoki kwa mkubwa mpaka mdogo ameamkia, na kwamba salamu nazo zina urefu wake, fupi kwa waliokutana asubuhi, ndefu kwa waliopotezana, ndefu kuliko zote panapokuwa na mgonjwa. Nikaweka pia kitufe cha kuiondoa kanuni, ili mwalimu aone tofauti. Nilipoujaribu upya kwa maagizo yangu ya kwanza, kidoti kilitoka kikafika ukingoni mwa Lukozi, kikasimama hapo kinametameta, hakiendi mbele wala hakirudi. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kitu kimekwama.

Ijumaa meja alifika mapema. Na shangazi naye alifika, bila kualikwa, ana tenga la kabichi la kumpelekea mgonjwa. Meja akamwamkia, safari hii bila kukumbushwa. Nikawaonyesha. Meja akatazama kile kidoti kinachometameta, akauliza maswali ya kijeshi, akazima njia ya Magamba, akaiwasha, akabonyeza kitufe changu mara nyingi. Uso wake haukutoa habari yoyote. Akasema ni vizuri, lakini hiyo ni kanuni niliyoiweka mimi baada ya kujua jibu. Atajuaje kwamba itasema kweli kwa jambo ambalo hatujaliona? Moyo ukanishuka mpaka kwenye soksi.

Shangazi alikuwa ameinama juu ya kioo. “Hiki kiduara ni mimi?”

Nikasema ni yeye.

“Na hii namba ni miaka yangu? Wewe mtoto, nani kakwambia nimezeeka hivi? Punguza.”

Nikajaribu kumweleza kwamba ni hesabu tu. Akasema hesabu ipunguzwe. Meja akanikonyeza nipunguze, basi nikampunguzia, na kwa ukarimu. Tukatuma ujumbe upya, safari hii kwa njia ya akiba, kupitia kilima cha yule mama wa karoti. Kiduara cha Lukozi kikawaka, na kabla ya kutuma chochote kikatoa alama ya salamu. Kiduara cha shangazi kilikuwa kinampigia shikamoo mama wa karoti.

Shangazi akanyooka polepole.

“Mimi,” akasema, “nimwamkie yule? Yule niliyembeba mgongoni?”

“Umejipunguza mwenyewe, shangazi.”

“Nirudishie miaka yangu. Yote. Na uongeze miwili, asije akajisahau.”

Nikamrudishia. Kiduara cha karoti kikatoa salamu, cha Lukozi kikaitikia, ujumbe ukavuka bonde ukatua Lushoto. Shangazi akatikisa kichwa kama mtu aliyeona haki ikitendeka mahakamani, akasema sasa ndiyo kweli, hivyo ndivyo ilivyo. Meja alikuwa haangalii kioo tena. Alikuwa anamwangalia shangazi, jinsi alivyogombana na kiduara kama anavyogombana na mtu. Akatoa simu yake, akaniambia nimwandikie anwani ya ukurasa.

Mkataba ulikuja baadaye, mfupi wa miezi, na umekuwa ukirefushwa. Mwenye steshenari akanikubalia niendelee kukaa kona ileile, mradi mashine ikikwama nisaidie. Asubuhi ya kwanza nilifungua ukurasa nikiwa na chai yangu, soko linaamka, na vituo vikaanza kuwaka kimoja kimoja, mwanafunzi wa Mwanza, wa Songea, wa mahali ambapo sijawahi kupafika. Mmoja wao alipangiwa kukaa Lukozi. Alikuwa na ujumbe mkononi, njia zote ziko wazi, na kidoti chake kimesimama. Akaandika kwamba mfumo una hitilafu. Nikamwambia hauna, asubiri kidogo. Magamba alikuwa bado hajamwamkia.