Mawe ya Redio ya Baba Mkwe

Kwetu ziwani samaki hatafutwi kwa betri. Nilikua nikiwaona wazee wakitazama maji kidogo, wakitupa nyavu, na jioni tunakula. Kwa hivyo nilipoanza kuzunguka maduka ya Nyeri nikiulizia betri ya kuendesha mashine ya kuonyesha samaki, nilijua ndugu zangu wangenicheka mpaka wakae chini. Lakini ndugu zangu hawajaoa Kianyaga, huku mlimani.

Mashine yenyewe niliachiwa na mwalimu mwenzangu alipohamishwa, pamoja na mtumbwi wake wa plastiki wa watu wawili. Ina kioo kama cha simu, waya mrefu, na kidude cha kutumbukiza majini. Samaki akipita chini ya mtumbwi, kioo kinachora upinde. Mke wangu aliiita simu ya samaki, na ingelala juu ya kabati letu pale Gatitu hadi leo kama daktari hangemkataza baba yake nyama.

Mzee ana presha. Aliambiwa aache ng'ombe na mbuzi, ajaribu samaki. Sasa, baba mkwe wangu, kama wengi wa rika lake huku mlimani, hakuwa ametia samaki mdomoni tangu azaliwe. Siku nilipokwenda kumposa binti yake aliuliza mbele ya watu wote kama wajukuu wake watalishwa nyoka wa majini. Wote walicheka isipokuwa mimi. Mama mkwe alijaribu kumnunulia samaki wa kukaanga sokoni, tena si mara moja, na aliyenenepa ni paka. Mwishowe mzee akatoa masharti.

"Mimi siwezi kula kitu sijui ilikufa lini," alisema. "Mwalimu anipeleke niione ikitoka kwa maji ikiwa hai. Nikiona, nitakula. Nisipoona, tusisumbuane tena."

Mama mkwe alinipigia simu kwa sauti ya chini. "Mwalimu, mimi namjua huyu mzee. Ataenda mara moja tu."

Basi nilikuwa na safari moja. Nilitaka mzee aishi, hilo halina mjadala. Lakini niseme ukweli, nilitaka pia kumwona akila chakula cha kwetu na kulamba vidole.

Mashine ilikuja na kiboksi cha kutia mawe manane makubwa, yaani betri kavu za redio. Nikanunua ya bei nafuu, nikaenda kuyajaribu kwenye bwawa la samaki lililo njia ya kwenda kwa wakwe, na kabla sijaonja chai kioo kilikuwa kimezimika. Nikakitupa kiboksi kile ndani ya mfuko kwa dharau. Nikajaribu betri ya gari. Mashine iliwaka vizuri ajabu, ila mtumbwi uliinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji, na mimi nikapiga kasia nikiwa nimeinuliwa nyuma. Nikaazima betri ya bodaboda. Ile ni nyepesi, lakini ndani ina asidi, na mtumbwi haujui kutulia. Suruali yangu ya kanisani ikatoboka magotini.

"Unatafuta samaki ama unatafuta kifo?" mke wangu aliuliza, akiinua ile suruali dirishani ili mwanga upite kwenye matundu.

Nikarudi mjini. Nilimwambia mwenye duka nataka betri ya volti kumi na mbili, nyepesi, isiyomwagika.

"Ni ya nini?"

"Ya kutafuta samaki."

Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Ati samaki? Si uende tu hapo kwa hoteli, wako wengi."

Hata hivyo alinitolea betri moja iliyofungwa kabisa, ya aina inayotumika kwenye kengele za kuzuia wezi, ndogo kuliko mkate. Niliijaribu kutwa nzima na haikutetereka. Niliipenda betri ile. Niliifuta vumbi kila jioni, na mke wangu akaanza kuulizia hali yake kwa kejeli.

Ijumaa tukalala kwa wakwe, betri ikiwa sebuleni imejaa chaji. Jumamosi niliamka ukungu umefunika hata migomba ya uani, na betri haipo. Nikaifuata jikoni. Ilikuwa kando ya moto, imeegemezwa kwenye jiwe la jiko.

"Hiyo betri yako niliishika nikaipata baridi kama maiti," mama mkwe alinieleza kwa upole. "Na leo hakuna jua. Nikaiweka hapo iamke."

Kila nyumba ninayoijua hufanya hivyo. Mawe ya redio yakichoka huanikwa juu ya mabati, na siku za ukungu husogezwa motoni, kisha redio huongea siku mbili zaidi. Mama mkwe alikuwa ameniheshimu kama mwana. Betri nayo ilikuwa imevimba pande zote kama andazi. Niliiunganisha na mashine, nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kimya. Nilihisi machozi ya hasira, lakini mkwe huambiwa nini?

"Asante, mama," nilisema. Mke wangu alitoka nje upesi, nikamsikia akicheka nyuma ya jikoni.

Mzee alikuwa tayari mlangoni, amevaa koti, gambuti na kofia ya kanisani. Nikamweleza kwamba bila betri, na kiboksi cha mawe kikiwa kitupu, ningemkalisha majini siku nzima kwa kubahatisha. Kisha akaingia chumbani, akatoka na redio yake.

Redio hiyo haiguswi na mtu. Kila jioni mzee husikiliza matangazo ya vifo, na nyumba nzima hunyamaza hadi jina la mwisho lisomwe. Yeye hununua mawe ya bei ghali tu, ili asikose hata marehemu mmoja. Aliigeuza, akatoa mawe sita, akaongeza mawili ya tochi.

"Ile boksi yako iko wapi?"

"Na redio, baba?"

"Wewe si uko na haraka?"

Bwawani nilimvalisha jaketi la kuelea, nikampakatisha mashine magotini. Kioo kiliwaka. Upinde wa kwanza ulipojichora, alikiinamia mpaka kofia ikanizuia kuona.

"Huyu ni nani?"

"Samaki, baba."

"Na huyu?"

"Mwingine."

Nilipotaka kumweleza zaidi, alininyamazisha kwa mkono. "Mwalimu, wacha kuongea. Wanakusikia."

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeongoza, mara kushoto, mara nyuma, hadi ndoano ikavutwa. Ngege mkubwa alitoka akipiga mkia na kutumwagia maji usoni. Mzee alimkagua macho kwa macho.

"Iko hai," alikiri. Mawe yalidumu hadi ngege wa pili, kisha kioo kikafifia na kuzimika.

Mke wangu ndiye aliyewapika, kwa nyanya na vitunguu, pamoja na ugali. Tulipokaa mezani saa ya matangazo ilifika. Mzee alinyoosha mkono akabonyeza redio, kwa mazoea. Redio haikuitikia. Mama mkwe aliinamia sahani yake, na mimi nikaacha kutafuna.

Mzee akavuta bakuli. Alimega, akatafuna polepole, akatoa mfupa mmoja, akamega tena. Baadaye akalamba kidole.

"Leo sitajua nani amekufa," alisema, akichukua mkia. "Bora si mimi."