Mzazi Hashikiki

Kila nipitapo kando ya mashamba ya mkonge nje ya Voi, ile harufu chachu ya katani mbichi hunirudisha darasa la tano. Upepo uliileta hadi madirishani, nasi tukiimba kwa pamoja: cheka, kicheko, pika, mpishi, cheza, mchezo. Nilikuwa bingwa wa somo hilo la kuunda majina kutokana na vitenzi, mpaka alipokuja Mghoi.

Mghoi alikuwa mtoto wa mama mdogo, aliyefariki kule Kishushe. Aliletwa kwetu na kifurushi cha nguo na kisauti kama cha kifaranga. Mama akampa upande wangu wa kitanda, ule wa ukutani, kisha gauni langu la Krismasi.

"Mwenzako ni mgeni," aliniambia.

Mgeni gani asiyeondoka? nilijiuliza.

Shuleni mambo yakawa yale yale. Mwalimu Mkamburi aliuliza, "Iba?" Kabla sijanyoosha mkono, Mghoi alishajibu: "Mwizi, wizi. Mwizi anashikika, mwalimu. Wizi ni jina la dhahania." Makofi! Mwalimu alitufundisha kwamba hata wivu ni dhahania, yaani haushikiki. Sikukubali. Wangu ulikuwa umenikwama kooni kama kipande cha muhogo mkavu.

Siku moja akaandika ubaoni: zaa.

"Mzazi," akasema Mghoi.

"Vizuri. Ni jina la aina gani?"

Mghoi alitazama viganja vyake. "La dhahania, mwalimu. Mzazi hashikiki."

Darasa likaangua kicheko. Nilinyoosha mkono mpaka nikajikuta nimesimama. "Anashikika!" nikapaza sauti, na safari hii makofi yakawa yangu. Mwalimu peke yake hakupiga. Alifuta ubao polepole, akaturuhusu kwenda nyumbani kabla ya kengele.

Nilikimbia njia nzima. Mama alikuwa uani akichambua mchicha.

"Mama, leo Mghoi ameshindwa! Eti mzazi hashikiki!"

Nilingoja sifa. Mama aliweka ungo chini, akanipita kama sipo, akamlaki Mghoi langoni. Alimpakata, msichana mkubwa vile, akachukua viganja vyake na kuviweka kwenye mashavu yake mwenyewe.

"Nishike, mwanangu," alisema. "Nishike sana."

Mghoi akalia, mara ya kwanza tangu aje kwetu. Mimi nami nililia mlangoni, kwa uchungu wangu: mbona niliyejibu sawasawa sikupakatwa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile mama alimpenda Mghoi kuliko mimi. Kisha tukamzika mama. Asubuhi iliyofuata niliingia chumbani kwake kumwambia jambo, nikabaki nimesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Ndipo nikaelewa kwamba Mghoi hakukosea. Alikuwa amejibu juu ya mama yake. Mimi wangu alikuwepo wakati ule, mzima, wa kushikika, na bado nilikuwa nikiyapima mapenzi yake.