Baada ya Sekondari Ndio Mimi

Neno lenyewe nililisikia nikiwa nimeinama, nafuta maziwa yaliyomwagika chini ya meza ya watoto. Ilikuwa Lanham, huku ughaibuni, ghorofa ya chini ya kanisa moja, kwenye kituo ambacho wazazi wengi wa Kiafrika tuliwaacha watoto wetu baada ya shule. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nafanya usafi wa vyumba hotelini, na siku zangu za mapumziko nilikuwa navolantia pale kituoni, yaani nafanya kazi bila kulipwa halafu naambiwa asante.

Mkurugenzi wa kituo, mama wa makamo, Mkenya, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, aliingia simu bado iko mkononi.

"Kaunti imekubali!" alisema, akimaanisha serikali ya eneo letu. "Tukiandika post-secondary student kiangazi hiki, wao watalipa karibu mshahara wote. Sisi tunaongezea kidogo tu."

Nikanyooka na kitambaa changu kinachotiririka maziwa. Post-secondary. Baada ya sekondari. Sasa nani yuko baada ya sekondari kuliko mimi? Nilimaliza Form Four, cheti ninacho, kimefunikwa plastiki, kimevuka bahari pamoja nami. Kwetu Tanzania ngazi zinajulikana: shule ya msingi, sekondari, halafu wachache wanaendelea Form Five na waliobaki wanakuwa "waliomaliza". Mimi ni aliyemaliza. Na kama walitaka student, basi kila Jumatano jioni nilikuwa nasoma Kiingereza maktaba. Niliona neno limeshonwa kwa vipimo vyangu.

Kazi ile niliitaka kwa sababu moja. Shule za huku zinafungwa Juni na watoto wanarudi mikononi mwa mama zao, wawe na kazi, wasiwe nayo. Kituo nacho kiangazi kinatoza ada ya kutwa ambayo hatukuiweza; mtoto wa anayefanya kazi pale ndiye hukaa bure, siku ambazo mzazi wake yupo. Kiangazi kilichotangulia nilimwacha binti yangu kwa jirani wa chini, mwanamke mwenye moyo mzuri na televisheni isiyozimwa. Ilipofika Agosti, mtoto alikuwa anaimba matangazo yote ya maduka ya magodoro, na namba za simu ndani yake. Nilikuwa nikitandika vitanda vya wageni huku najiuliza mwanangu amekula nini, na hasira inanipanda mpaka naichomekea kwenye shuka. Nikipata kazi kituoni, nitakuwa naye kutwa nzima. Basi. Sikutaka kingine.

Nilimwambia mume wangu jioni ile.

"Hiyo NGO yenye kituo itakulipa wewe?" akauliza, akicheka. "Basi na gari watakupa."

Alikuwa na haki ya kucheka. Nyumbani ukisikia mtu anafanya kazi NGO, picha inayokuja ni gari jeupe lenye antena ndefu, semina hotelini, na posho ya kukaa kwenye hiyo semina. NGO yetu ya Lanham ilikuwa na choo kimoja, na mkurugenzi ndiye aliyekizibua.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia na mtoto. "Kiangazi hiki tutakuwa wote," nikamwambia. Akarukaruka kitandani, akaniapisha.

Siku ya kuongea na mkurugenzi nilivaa sketi ya kanisani. Akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu.

"Wewe leo umependeza. Unaenda wapi?"

"Nimekuja kwa ile kazi ya post-secondary."

"Sawa! Sikujua uko campus. Unasoma wapi?"

"Nilimaliza Form Four."

"Hiyo nimesikia. Na sasa uko campus gani?"

"Sasa niko hapa," nikasema. "Umesema baada ya sekondari. Baada ya sekondari ndio mimi."

Akaweka mkono mdomoni. Nikajua anazuia kicheko, na nikamchukia kwa kukizuia. Bora angecheka.

"Mama, haki, pole," akasema. "Post-secondary si mtu ameclear sekondari. Ni mtu bado anasoma juu. Chuo. Hiyo pesa ni ya watu wa chuo peke yao, na wawe wanarudi darasani Septemba."

"Kwa hiyo aliye chuoni, ambaye kesho atapata kazi nzuri, ndiye anayelipiwa leo apate kazi?"

"Ndiyo hivyo."

"Na asiye na chuo?"

"Sasa mimi unaniuliza ni kama niko kaunti?"

Nilitoka pale naumwa meno kwa kuyasaga. Lakini njiani, ndani ya basi la kurudi nyumbani, kitu kingine kilianza kunikuna, na siyo hasira. Nilitaka kujua inakuwaje. Ruzuku mimi naijua. Mama yangu kule nyumbani alikuwa ananisimulia kwenye simu habari za mbolea ya ruzuku: serikali inamlipa mwenye duka sehemu ya bei, mkulima anamalizia iliyobaki, mfuko unapatikana. Mbolea naielewa. Lakini binadamu kuwekewa ruzuku kama mfuko wa mbolea, hilo lilikuwa jipya kwangu. Nani hapo mkulima? Nani duka? Na yule mfuko wenyewe, anajua kuwa yeye ni mfuko?

Nilikuwa nimeapa sirudi kuvolantia. Juni ilipofika nilirudi, kwa sababu nilitaka kumwona huyo mwanafunzi aliyeandikwa.

Alikuwa msichana mrefu, wazazi wake Watanzania wa Springfield, yeye amezaliwa huku. Alivaa kaptura na vipokea sauti shingoni. Aliponiona akapiga goti nusu, kama alivyofundishwa na bibi yake alipokwenda likizo.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo! Tulipishana miaka minne. Nusura nimwambie ajiamkie mwenyewe kwenye kioo. Nikaitikia marahaba kwa sababu ukiamkiwa huna njia nyingine, na hapohapo nikawa nimezeeka.

Nilikuja nimejiandaa kumwona hafai. Alifaa. Aliketi sakafuni na watoto akaunganisha maboksi ya friji yakawa mji mzima, na binti yangu akawa mwenye benki. Hili liliniudhi zaidi kuliko kama angekuwa mvivu.

Wakati watoto wanakula, nikamsogelea.

"Hivi mshahara wako unakuja vipi? Kaunti wanakupa hundi yao na kituo hundi yao?"

Alikuwa anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na akikwama anatafuta neno la Kiswahili kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Akasema hundi ni moja tu, ya kituo.

"Na kaunti?"

"Kaunti gani?" akauliza.

Hakujua! Aliona tangazo chuoni kwao, akaomba, akaitwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu nyuma anamlipia. Nilipomweleza, nikatumia na mbolea, alicheka mpaka akashika meza.

"Kwa hiyo mimi ni samadi?" akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili safi.

Nikajikuta nacheka naye. Halafu akaniuliza kitu ambacho kilinikata kicheko. Alitaka kujua mimi nalipwa na nani, kwa sababu mkurugenzi alimwambia kuwa kanuni hairuhusu mwanafunzi abaki na watoto peke yake, lazima awe na msimamizi, na msimamizi wake ni mimi.

"Amesema mimi?"

"Ndiyo, mama. Wewe ndiye bosi."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Mkurugenzi alikuwa ofisini anapiga hesabu kwa kalamu ya nta, maana kalamu nyingine zote watoto walikuwa wamezichukua.

"Mimi ni bosi wa nani?" nikauliza.

"Keti kwanza."

"Siketi. Nieleze jambo moja. Kabla kaunti hawajakubali, ulikuwa na pesa ya kuandika mtu wa kiangazi, au hukuwa nayo?"

"Ilikuwa kidogo."

"Sasa kaunti wanamlipa yule binti. Ile kidogo imekwenda wapi?"

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona.

"Imeenda kwa basi," akasema. "Basi la Ijumaa. Watoto waende swimming, waende zoo. Hawa watoto wanakaa hapa chini kama viazi kwa gunia, kiangazi yote. Nilitaka watoke. Nimefanya vibaya?"

Hakuwa amefanya vibaya. Ndilo lililonitia hasira kabisa. Nilikuwa nimekuja kumkamata mwizi, nikamkuta mtu anayetaka kuwapeleka watoto wakaogelee.

"Kanuni inataka msimamizi," nikasema. "Wewe kutwa uko kwenye simu. Mimi kuanzia kesho siji bure. Nisipokuja, yule binti hawezi kukaa na watoto, na kaunti hawalipi."

"Unanitisha?"

"Nakuambia."

"Unajua wewe ni mgumu? Watanzania mnasemwa ni wapole."

"Waliosema hawajaniona."

Akaichukua tena kalamu yake. Chini tulisikia watoto wanapiga kelele za mji wao wa maboksi. Mwishowe akasema, "Ni basi au ni wewe. Sina ya wote wawili. Na hiyo basi watoto wameshaambiwa. Nikikuandika, utawaambia wewe mwenyewe. Mimi sitaki kuonwa mbaya."

Nilifikiria ile televisheni ya jirani. Sikufikiria sana.

"Nitawaambia," nikasema.

Hotelini nikaomba wanibakishie Jumamosi na Jumapili tu, ambazo mume wangu yuko nyumbani. Wakakubali kwa kununa.

Ijumaa ya kwanza watoto walijipanga mlangoni na taulo shingoni. Wengine walikuwa wameshavaa miwani ya kuogelea, wananitazama kama samaki. Binti yangu alikuwa wa mbele. Nikawaambia basi haliji, wala Ijumaa ijayo haliji. Mmoja akaanza kulia, akawaambukiza watatu.

"Kwa nini?" binti yangu akauliza kwa Kiingereza chake.

Ningeweza kusema basi limeharibika. Yule mwanafunzi alinitupia jicho, nadhani alitegemea niseme hivyo.

"Kwa sababu pesa ya basi ndiyo inayonilipa mimi nikae hapa na nyinyi," nikasema.

Akalitafakari, vidole vimeshika ncha za taulo. Aliuliza kama ningeweza kulipwa nusu, halafu basi lije Ijumaa moja na Ijumaa nyingine lisije. Aliuliza bila hasira, alitaka tu kujua kama inawezekana.

"Haiwezekani," nikasema.

"Umeuliza?"

Nilikuwa sijauliza. Mwanafunzi akawa ameshakwenda uani na kufungua bomba, maji yanapiga ukuta wa kanisa, na watoto wakampita mbio na taulo zao. Binti yangu alibaki pale mlangoni, akisubiri nimjibu.