Nilibeba ndoo ya maji kichwani kutetea ukuta wangu, mpango wa kijiji ukapita na jina langu

Wakuu, poleni na majukumu.

Kabla sijaanza niwaambie kitu kimoja: mimi hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza.

Nimeishia darasa la nne. Nimeingia Biharamulo kwa miguu nikitokea upande wa Kahama, nikiswaga ng'ombe wa mtu. Nimekuwa kuli pale Nyakanazi, gunia la mahindi begani tangu asubuhi mpaka jua linazama. Nimeuza chapati kwa madereva wa malori. Nimeona lori la saruji limelala chali, dereva katoka kwenye kioo anakuja kunidai chenji yake.

Leo nina mashine mbili za kusaga, Fuso moja, ng'ombe sitini na kitu, na fremu nane za maduka barabarani, kijijini kwetu upande wa Nyakahura. Hakuna aliyenipa hata msumari. Mtu kama huyo utamshangaza na nini?

Basi nimeshangazwa. Tena kwa majivu na maharage.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, na video iko kwenye simu za vijana. Kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi, wataniumbua.

Ilianza hivi.

Mtendaji wetu wa kijiji alipita na bodaboda na kipaza sauti, anatangaza kwamba wataalamu wanakuja siku tatu tutengeneze mpango wa kijiji. Wapi palimwe, wapi pachungwe, wapi pajengwe, gulio liwe wapi, watu na mifugo wafikeje kwenye maji. Siku ya nne mkutano mkuu wa kijiji unaupokea mpango au unaukataa. Ukipita, ndipo watu waanze kupata hati za kimila za mashamba yao.

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu: gulio.

Gulio letu la wiki halina sehemu ya kueleweka, mvua ikinyesha linahama. Likitua mbele ya fremu zangu nane, kodi inapanda wiki hiyo hiyo. Plan yangu ilikuwa simple: niingie mle ndani, niongee, watu wapige makofi, gulio lije kwangu.

Nikaandaa hotuba. Nikaisemea mbele ya kioo cha kabati, mkono mmoja mfukoni. Mama watoto akachungulia mlangoni.

"Baba Masanja, unagombea au unaoa?"

Nikamwambia anipishe, wenye maono tuko kazini.

Siku ya kwanza nimevaa koti, nimebeba kreti nne za soda kwenye pikipiki. Nategemea kukuta projekta, viti, meza kuu. Nakuta wataalamu wanafagia uwanja wa shule.

Wakuu, wakatuambia tuchore kijiji chini. Kwenye udongo. Majivu ndiyo barabara na njia, majani ya mgomba ni mashamba, maharage ni nyumba, vizibo vya soda ni visima na chemchemi. Tukagawanywa makundi, kila kundi na ramani yake: wazee, akinamama, vijana, wafugaji.

Nikasema mimi niwekeni makundi yote, maana kijiji hiki nakijua kuliko mtu yeyote. Wakakataa. Nikaenda kwa wafugaji.

Kwenye ramani yetu kila nyumba ikawekwa punje ya haragwe. Fremu zangu nikaziwekea tofali zima. Mzee Kulwa, rafiki yangu tunayechunga naye, akalitazama lile tofali.

"Hapo umejenga duka au gereza?"

Nikamwambia wivu hauna dawa hospitali.

Sisi tulianza kuchora barabara kuu, halafu fremu zangu, halafu vingine. Tukamaliza wa kwanza. Kisha kundi moja likawa linakwenda kukagua ramani ya lingine, tukafika kwa akinamama.

Sikukitambua kijiji. Barabara kuu wameiweka pembeni huko, kamstari kembamba kama uzi. Wao walianza na chemchemi. Kizibo kimoja katikati, na mistari ya majivu inatoka kila upande kwenda pale. Na mstari mmoja ulikuwa unakuja umenyooka vizuri, ukifika sehemu fulani unakunja ghafla, unazunguka mbali, unashuka, unapanda, ndipo unarudi. Pale unapokunja wameweka jiwe.

Mtaalamu mmoja, dada mdogo kiumri lakini makini, akauliza, "Mama zangu, hapa njia imekunja kwa sababu gani?"

Akinamama wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kanga.

Akajibu Bibi Leokadia. Huyu ni mama wa Kisubi, wenyeji wa huku, mtu mzima sana, anatembea na fimbo, kijiji kizima kinamwamkia.

"Hapo pana tajiri."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mtendaji aligeuka akajifanya anakohoa.

Nikajikaza. "Bibi, shikamoo. Pale ni kwangu. Nilinunua, karatasi ninayo na mashahidi wapo."

"Marahaba, baba. Ulinunua shamba. Njia alikuuzia nani?"

Hapa niwaeleze mlio mbali na Kagera. Huku kuna mmea unaitwa mlamula. Mrefu, majani kama mapanga, ukikata tawi ukachomeka linashika. Watu wa huku wanaupanda mpakani mwa mashamba, na ukishapandwa mbele ya mashahidi, ugomvi wa mpaka umekwisha. Sisi tuliotoka Usukumani tumezoea minyaa, na minyaa tunazungushia popote.

Siku nilipokuwa nanunua lile shamba, marehemu aliyeniuzia alinionesha mlamula kwa mbali kwa kidole. Kufika pale nikakuta mistari miwili, imekwenda sambamba, katikati hatua kama nne, majani yamejaa. Nikachukua mstari wa mbali. Nani anaacha ardhi? Nikapandisha ukuta wa tofali za kuchoma, mzuri, mrefu, nyuma ya fremu zote.

"Mstari mmoja ni mpaka," Bibi akasema. "Ikiwa miwili, katikati ni njia ya maji. Hata mtoto wa huku anajua."

"Bibi, mimi si mtoto wa huku."

"Ndiyo maana ungeuliza."

Wakuu, nilikasirika. Nikasema maneno. Nikasema ukuta ule umekula pesa, hauvunjwi kwa majivu. Nikasema naweza kwenda mahakamani. Yule dada mtaalamu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu kwamba nina haki zangu zote, ila mahali penye mgogoro pataandikwa mgogoro, na mpango wenye mgogoro mkutano unaweza kuukataa. Ukikataliwa unakaa. Hati za watu zinakaa. Na gulio linakaa.

Kijiji kizima kikanigeukia.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Nikasema, "Kuzunguka huko mnakolalamikia ni dakika tano. Mnakuza mambo. Mimi nilikuwa kuli Nyakanazi, naweza kubeba ndoo hiyo nikiwa naimba."

Mzee Kulwa, ambaye namwita rafiki, akasema, "Basi abebe."

Akinamama wakaipokea: "Abebe. Abebe. Kesho asubuhi abebe."

Kesho yake asubuhi chemchemini palikuwa na watu kuliko mnadani. Ndoo ya Bibi Leokadia ya lita ishirini, imejaa hadi juu. Kutoka chemchemi hadi kwake, kwa njia ya kuzunguka ukuta wangu. Mama mmoja akanipa ngata ya jani la mgomba niweke kichwani. Nikaikataa. Nikasema kichwa hiki kimezoea gunia.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Gunia limetulia, wakuu. Maji hayatulii. Yanakwenda unakokwenda wewe, halafu yanarudi peke yake. Mpaka kwenye kona ya ukuta wangu nilikuwa bado naimba. Baada ya kona kuna mteremko ambao sijawahi kuuona, miaka yote ninaishi pale, kwa sababu uko nyuma ya ukuta na mimi napita mbele. Tope. Shamba la mihogo la mtu, tunapita kwenye matuta yake kama wezi. Mtaro, kuna gogo unavuka juu yake. Halafu mlima.

Wimbo uliisha kwenye gogo.

Bibi Leokadia alikuwa anatembea pembeni yangu na fimbo yake, mdogo mdogo, hahemi.

"Tajiri, umefika nusu."

"Bibi, niache nipumue."

"Pumua, baba. Sisi huwa na mtoto mgongoni."

Nilitua mara tatu. Mara ya tatu ndoo ikagonga jiwe, ikapasuka ubavuni, nikawa nakimbia nayo huku nimeziba ufa kwa kiganja na watu wanashangilia kama mpira. Muda ulikuwa dakika ishirini na nane, vijana walipima kwenye simu. Maji yaliyobaki hayakufika hata nusu ndoo. Na lile koti la jana, ambalo nililivaa tena, liliharibika.

Bibi akanikalisha uani kwake. Akachota kwenye maji yale yale machache, kikombe cha bati, akanipa.

"Kunywa. Umeyatolea jasho."

Nikiwa nakunywa macho yakaanguka kwenye jiwe la kusagia kando ya mlango. Jiwe pana jekundu, lina ufa katikati kama mto. Na mimi lile jiwe nalijua.

Wakuu, hapa ndipo niliposhangazwa.

Miaka ile nilipoingia huku na ng'ombe wa mtu, siku mbili sijaweka kitu mdomoni, nilipewa maji uani hapo hapo, nikanywa nimekaa juu ya lile jiwe. Nilikuja nikifuata ng'ombe, na ng'ombe walipita katikati ya mistari miwili ya majani marefu, nayakumbuka yalikuwa yananikwaruza mikono huku na huku. Walinyooka wenyewe mpaka kwenye maji. Halafu nikaenda zangu Nyakanazi kutafuta maisha, miaka ikapita, nikarudi na pesa, nikanunua, nikajenga ukuta juu ya njia niliyoingilia kijijini.

Nikamuuliza, "Bibi, ulinijua?"

"Tangu siku umemwaga msingi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na mafundi wengi. Nikasema nitangoja uje kunisalimia."

Sikuwahi kwenda kumsalimia.

Siku ya mkutano mkuu uwanja ulijaa, akidi ilitimia kabla ya saa nne. Ramani sasa iko kwenye karatasi kubwa ukutani, zimeunganishwa zote nne. Pale kwangu wameandika kwa kalamu nyekundu: MGOGORO.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Ile hotuba ya kwenye kioo ilikuwa mfukoni, sikuitoa.

Nikasema, "Mwenyekiti, futa hilo neno jekundu. Ukuta ninauvunja mwenyewe, nitaujenga ndani ya mstari wangu. Njia irudi. Mnaoomba hati mpate hati zenu. Na aliye na video ile aifute."

Walipiga makofi wakuu, sijawahi kupigiwa makofi vile. Video hawajaifuta.

Mikono ikanyooshwa, mtendaji na wenzake wakahesabu mstari kwa mstari, wakaandika kwenye muhtasari. Mpango ukapita. Akinamama walipiga vigelegele hadi ng'ombe wa jirani wakakurupuka. Mimi mwenyewe, mtu mzima na tumbo langu, nilijikuta nimemnyanyua Mzee Kulwa juu.

Gulio? Gulio lilikwenda karibu na shule. Akinamama walisema pale pana kivuli na choo, na kura zao ni nyingi. Nimepoteza. Lakini subirini.

Yule dada mtaalamu akauliza njia ile iandikwe kwa jina gani kwenye ramani. Watu wakasema kwa pamoja, bila kupanga, "Njia ya Tajiri."

Na imeandikwa. Iko kwenye mpango, ina muhuri wa kijiji. Sasa niambieni, nani humu ndani, pamoja na degree zenu, ana njia yenye jina lake? Mwendo wa miguu nimepima, chemchemi hadi kwa Bibi: dakika saba.

Mama watoto aliposikia akasema, "Hilo jina ni sifa au ni shtaka?" Bado natafakari, ila naelekea kwenye sifa.

Nilichojifunza. Kijijini kwenu wakija kutengeneza mpango, msiende siku ya kunyoosha mikono tu. Nendeni siku ya majivu. Waacheni wanaobeba maji wachore kwanza. Na ukikuta mistari miwili ya mlamula, uliza, hata kama pesa iko mfukoni inakuwasha. Mimi mitatu ya kwanza ya mstari mpya nimeichomeka kwa mkono wangu, Bibi Leokadia akiwa shahidi, na imeshika.

Wa Ngara, wa Bisibo na kwingineko, kwenu mpango ulipitaje? Semeni, hata wa kunicheka mkaribie, nimeshazoea.

Na najua mtauliza, kwa hiyo najibu kabisa. Kuvunja ukuta, kuujenga upya, na ndoo mpya ya Bibi Leokadia: shilingi milioni mbili, laki nane, sitini na nne elfu na mia tano.