Nilibandua ukoka wa baba, lawama nikamwachia mdogo wangu

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba jina langu lisionekane, maana kwetu watu wanafahamiana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, mzaliwa wa Daudi, Mbulu. Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo. Kazi yangu ni bustani: napanda ukoka, nakata majani, napanda maua na michongoma kwenye nyumba za watu. Ninaishi Katesh.

Nilianza na fyekeo moja. Mwenye gesti niliyokuwa nafagia aliniambia, "Mama, nifyekee na hapo mbele." Nilifyeka, akapenda, akanipeleka kwa rafiki yake. Wakati huo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya. Babati kulikuwa na ujenzi kila upande, na kila aliyemaliza nyumba alitaka uwanja wa kijani. Nikanunua mashine ya kukatia majani iliyotumika, kutoka Arusha. Baadaye nikaongeza nyingine mbili. Leo nina wafanyakazi kumi na mmoja.

Ukoka niliutoa nyumbani kwetu Daudi. Baba alikuwa na bonde zuri, ndiyo malisho ya ng'ombe wake. Nilipomwomba mara ya kwanza alisema, "Chukua pembeni, mama. Kidogo kidogo. Ukishatoa, uache upumzike mpaka uote." Nikawa nafanya hivyo, na kweli ulikuwa unaota.

Miaka sita iliyopita nikapata kazi kubwa kuliko zote, hoteli. Mwenyewe alitaka uwanja wote uwe kijani kabla wageni hawajaja kuifungua. Ukoka wa pembeni usingetosha hata robo. Baba alikuwa amelazwa, mguu ulikuwa umevunjika. Nyumbani alibaki mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mwisho kwetu, na mke wake na watoto. Ndiye aliyekuwa akimtunza baba na mifugo.

Nilifika na Canter na watu wangu. Mdogo wangu akauliza, "Dada, bonde lote? Baba anajua?"

Nikamwambia, "Nimetoka kwake hospitali. Ameruhusu."

Sikuwa nimetoka hospitali, wala sikuwa nimemwuliza baba kitu. Mdogo wangu alichukua jembe akatusaidia kubandua. Siku nne tulikuwa tumemaliza. Ile hoteli ilipendeza sana, na kazi zilizofuata zilitokana na hiyo.

Mvua ilipoanza, lile bonde lilikuwa udongo mtupu. Maji yalipita katikati yakachimba korongo, mtu akisimama ndani humwoni kichwa. Udongo ukaenda kufunika maharage ya jirani. Ng'ombe wakakosa pa kula, wengine wakauzwa, wengine wakapelekwa kwa ndugu.

Baba aliporudi na magongo yake alitaka kwanza kuona bonde. Alipoliona akauliza, "Nani alitoa ruhusa?"

Mdogo wangu akajibu, "Dada alisema ni wewe, baba."

Baba akanigeukia. "Ulisema hivyo?"

Nikasema, "Hapana, baba. Mimi nilimwuliza yeye, akaniambia chukua."

Mdogo wangu aliniangalia tu. Baba alimwambia aondoke kwenye boma lake, na maneno mengine aliyomtamkia mwanawe siku ile siwezi kuyaandika hapa. Wiki hiyo hiyo mdogo wangu alihama na mke na watoto. Sasa yuko Nangwa, amekodi shamba na anachunga ng'ombe wa watu.

Mtanishangaa, lakini sikulia. Kesho yake niliamka nikaenda kukata majani kwa mteja. Mpaka leo niko hivyo. Nawasha mashine, nakata, nazima, nalala. Kanisani nasimama na wenzangu, naimba, ndani hakuna kitu. Nilimjengea baba nyumba ya bati na akanibariki mbele ya watu. Nilisikia kama anambariki mtu mwingine.

Mwezi uliopita baba aliniita. Amezeeka, ana presha, hata kutembea ni shida. Akasema, "Nataka kugawa ardhi nikiwa hai. Sehemu ya yule mdogo wako nakupa wewe. Wewe ndiye uliyeninyanyua." Nikasema asante, baba. Ndivyo nilivyojibu.

Wiki iliyopita nikaenda Nangwa. Nilimkuta mdogo wangu anarekebisha zizi. Akanisalimia, "Shikamoo dada," kama zamani. Wifi akanikaribisha maziwa. Nikamweleza mdogo wangu habari ya kikao cha kugawa ardhi, nikamwambia nitamrudishia sehemu yake kimya kimya baba akishatangulia.

Akaweka shoka chini. "Dada, ardhi ile ina korongo, nitafanyia nini? Mimi nataka baba ajue. Akifa bila kujua, nitakuwa nimelaaniwa kwa kitu ambacho sikufanya. Watoto wangu wananiuliza kwa nini hawaendi kwa babu yao."

Nikamwuliza, "Na presha ikimpanda akaanguka?"

Akasema, "Hilo ujibu wewe. Mimi nimenyamaza miaka sita." Akaokota shoka akaendelea na kazi.

Kikao ni Jumamosi ijayo. Ukoo wote utakuwepo, na mchungaji. Dada yangu mkubwa, ambaye nimemweleza, anasema ninyamaze, nisimuue mzee na nisijiharibie jina na kazi. Nikinyamaza, najua nitaweza. Nimeshazoea. Hicho ndicho kinachonitisha kidogo, na ni kitu cha kwanza kunitisha kwa miaka mingi.

Ninyi mliowahi kukaa na uongo mkubwa nyumbani, niambieni. Nimweleze baba peke yake kabla ya Jumamosi, au nisimame mbele ya wote? Na sentensi ya kwanza niiseme vipi? Nasoma majibu yote.