Gari Lililoandikwa Kuanzia Mwisho

Mume wangu alikuwa akiandika majina kuanzia herufi ya mwisho. Ukimwambia aandike TANGA, ataanza na ile A ya mkiani, aje na G, aje na N, anarudi hivyo hivyo mpaka aifikie T, na ukitazama nafasi iliyobaki huku na huku utaikuta sawa. Hakutumia rula wala penseli. Mkono wake ulifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, ambako mwandiko unatoka kulia kwenda kushoto, na herufi za Kizungu alizojifunza ukubwani hazikuweza kuugeuza. Mimi niliyesoma shule mpaka darasa la nne nilikuwa nikimtania kwamba nimeolewa na gari linalojua rivasi tu.

Siku za kazi alipaka rangi malori na mabasi kwenye gereji moja mjini. Lakini sifa zake zilitokana na magari yasiyozidi urefu wa kiganja. Miaka ile ya hamsini, nyuma ya nyumba yetu Makorora palikuwa na kiwanja cha mchanga, na kila Jumapili wanaume waliorudi vita vya Bama, walikopelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani, walikutana pale kupigana upya. Watu wazima, wenye wake na watoto, walijenga milima ya mchanga, wakachimba mto na kuujaza maji niliyoyateka mimi, kisha wakapanga misafara ya malori ya bati waliyoyakata kutoka kwenye madebe ya mafuta ya taa. Risasi zilikuwa gololi. Lori likipigwa likapinduka, limekufa, na mwenyewe anakaa pembeni akinung'unika mpaka mchezo uishe.

Nilikasirika sana kwa ajili ya yale maji. Hata hivyo nilikuwa nikitoka na ungo wangu wa mchele nikae karibu, maana kabla ya mchezo walimletea mume wangu malori yao ayatie alama, na hilo sikutaka kulikosa. Brashi yake aliifunga mwenyewe kwa manyoya ya mbuzi. Alikuwa akichora kichwa cha kifaru, alama ya kikosi chao, kikiwa kidogo kama punje ya kunde, na pembe akaipiga kwa mkupuo mmoja bila kurudia. Akishusha brashi alibana pumzi, nami bila kujua nilikuwa nikiibana yangu. Nilimpenda mume wangu kwa mambo mengi, lakini kama ningeulizwa nilimpenda lini zaidi, ningesema ni pale, kwenye ile pumzi.

Jumapili moja akaja mgeni kutoka Maramba, mkulima, mrefu, amebeba kikapu cha machungwa. Alikuwa amemzidi mume wangu umri, kwa hiyo nikamwamkia shikamoo. Chini ya machungwa alikuwa na lori la bati lisilo na rangi, limetengenezwa kwa uangalifu hadi taa.

"Nimesikia habari zako huko kwetu," alimwambia mume wangu. "Nataka unitilie jina kwenye paji la gari hili, juu ya kioo. Lakini mimi sijui kusoma. Nitakuchorea lilivyokuwa."

Lori lile, alitueleza, lilikuwa mfano wa lori la mdogo wake. Walikwenda Bama pamoja, wote madereva. Mdogo wake aliwahi kufundishwa herufi kidogo na mmishenari, na siku moja akaiba rangi akaandika neno juu ya kioo cha mbele. Kaka mtu akamwuliza linasemaje. Mdogo akacheka, akasema, "Tukirudi nyumbani nitakufundisha kusoma, ulisome mwenyewe."

"Alikuwa mkorofi," mgeni akasema. "Msafara ukisimama, mimi nampigia kelele bila kushuka, 'Upo?' Hajibu. Ananionyesha kwa kidole lile neno lake, basi, anacheka."

Halafu siku moja, kwenye kona ya mlima, msafara ulipigwa. Mdogo wake hakutoka kwenye lile gari. Tangu hapo mgeni alikuwa akilibeba neno kichwani bila kulijua. Hakuwa na kaburi la kwenda kulizuru, alisema. Alikuwa na neno tu, na aliogopa litamtoka kabla hajapata wa kumsomea.

Akaokota kijiti akachora mchangani, polepole. Nikainama kusoma. Kulikuwa na O, halafu tisa, halafu I, halafu N iliyopinda vibaya.

"Ni namba, shemeji," nikamwambia. "Namba ya jeshi."

"Wote wananiambia namba," akasema. Niliona alivyoinamisha uso, nikatamani ningenyamaza.

Mume wangu akajisogezea kopo la rangi. Akalishika lori, akachovya brashi, akaanza kama alivyoanza siku zote, upande wa kulia, na ile N iliyopinda. Akaweka I. Akaitazama ile tisa mchangani, na brashi ikasimama hewani. Sikuwahi kumwona akisita katikati ya neno.

"Kaka," akauliza, "kwenye msafara mdogo wako alikuwa mbele yako au nyuma?"

"Nyuma. Siku zote nyuma yangu. Namtazama kwenye kioo cha pembeni nijue kama anakuja, na humo ndimo nilimozoea kuliona neno lake."

Mume wangu akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa akafuta alichoandika. Kisha akaandika upya, kuanzia mwisho kama kawaida yake, herufi nne nyeupe, zimesimama wima, nzuri kuliko zozote nilizowahi kumwona akiandika. Nikazisoma, nikafungua mdomo, lakini akanitazama nisiseme.

Mgeni alilipokea lori akalitazama. Uso ukamkunjamana.

"Siyo hili, bwana. Umeligeuza."

"Nenda kaniletee kioo chako," mume wangu akaniambia.

Kioo chenyewe ni kile cha kupakia wanja, chenye mpini wa mti, alichoninunulia mama yangu nilipoolewa, nami sikuwa nikimpa mtu. Nilikileta. Mume wangu akamkalisha mgeni kwenye kigoda, akamshikisha kioo upande wa bega lake kama dereva, kisha akapiga magoti nyuma yake mchangani na kulisogeza lile lori taratibu, likija.

Mgeni alitazama kiooni. Wale wanaume wa gololi walisogea karibu. Yeye hakukishusha kioo.

"Ndilo," akasema. "Ndiye huyo anakuja."

Akauliza bila kuondoa macho kiooni:

"Linasemaje?"

Mume wangu alinigeukia mimi. "Msomee. Wewe ndiye uliyekwenda shule."

Ile tisa yake ilikuwa P iliyogeuzwa na kioo. "Nipo," nikamwambia. "Limeandikwa, Nipo."

Hakulia. Alilitaja neno lile kwa sauti ya chini, mara moja, halafu akacheka cheko fupi, la mtu aliyetaniwa na kugundua baadaye.

"Kumbe alikuwa akinijibu," akasema.

Jioni alirudi Maramba kwa basi, lori kapakata magotini, machungwa katuachia sisi. Kioo changu aliondoka nacho mkononi, na sikukidai.