Nimeisugua bunduki ya baba mkwe kama sufuria

Jamani, leo nimesafisha kitu ambacho hakikuwa kichafu.

Baba mkwe, hapa ughaibuni Rockville, ametundika sebuleni bunduki ya marehemu baba yake. Haina risasi. Mtutu mweusi, mimi nikajua ni masizi!

Nikachukua dawa ya kung'arishia chuma na waya wa kusugulia sufuria. Nikasugua kama nilivyolelewa, mpaka upande mmoja ukawaka.

Mume wangu akashika kichwa: "Hiyo ndiyo rangi yenyewe! Babu aliipaka kwa mkono wake."

Mzee akaingia. Akapitisha kidole pale palipong'aa.

Kiswahili chake ni cha darasani. Akakitafuta neno kwa neno:
"Asante kwa kazi, binti yangu."

Akaitundika tena, upande wangu ukitazama wageni.

Semeni nyie, si bora angenifokea?